Upinde wa mvua kama unavyoonekana Goma na Bukavu: saa zake, upande wake, na nyoka wa wazee wetu

Mwanzisha uzi (Himbi, Goma)

Wazee kwa vijana, salamu. Nafungua uzi huu kwa sababu maelezo ya upinde wa mvua tuliyofundishwa darasani yalitungwa na watu waliokuwa wakitazama anga la Ulaya, na baadhi yake hayakai sawa na anga la Goma. Wakati huohuo, yale ambayo wazee wetu walisema juu ya upinde huohuo, nasi tukayaita ushirikina, yamebeba uangalifu mwingi kuliko tunavyokiri. Nitaanza na nuru, kisha tutafika kwa nyoka, na naomba wenye elimu zaidi waongeze.

Ili upinde uonekane, jua liwe mgongoni kwako na mvua iwe mbele yako. Ukisimama hivyo, kivuli cha kichwa chako kinakuonyesha upande ulio kinyume kabisa cha jua, na hapo ndipo kilipo kitovu cha duara la upinde. Kutoka kitovu hicho hadi rangi nyekundu ni takribani digrii 42, uwe Goma, Kinshasa au Paris. Mwenye kutaka kupima na anyooshe mkono mbele yake na kutanua vidole: shibiri moja, kutoka kidole gumba hadi kidole cha mwisho, huziba karibu digrii 20 za anga, kwa hiyo shibiri mbili na kidogo kutoka kwenye kivuli cha kichwa zinafika kwenye nyekundu.

Digrii hizo 42 zinatoka ndani ya tone lenyewe. Mwali wa jua ukiingia kwenye tone hupinda, kwa kuwa nuru hupunguza mwendo majini. Ukifika ukuta wa nyuma, sehemu yake huakisiwa. Na unapotoka hupinda tena. Mwali unaopiga katikati kabisa ya tone hurudi ulikotoka. Unaopiga kando kidogo hurudi ukiwa umeinama kidogo, na kadiri miale inavyopiga mbali na katikati ndivyo pembe inavyoongezeka, lakini pembe hiyo ina kikomo: ikifika karibu digrii 42 huanza kupungua, ingawa miale inazidi kusogea ukingoni mwa tone. Hapo kwenye kikomo miale mingi hutoka karibu kwa mwelekeo mmoja, nuru yake ikakusanyika, na mkusanyiko huo ndio tunaouita upinde. Kwa kuwa kila rangi hupindwa kwa kiasi chake, kikomo cha nyekundu ni zaidi kidogo ya digrii 42 na cha urujuani ni karibu digrii 40 na nusu, na ndiyo maana nyekundu hukaa nje na urujuani ndani. Miale mingine, ile isiyofika kikomo, hurudi kwa pembe ndogo zaidi, rangi zake zikichanganyika kuwa nyeupe; kwa hiyo anga lililo ndani ya upinde huwa jeupe kuliko lililo nje yake. Angalieni vizuri safari ijayo, kwa maana wengi wameutazama upinde maisha yao yote bila kuliona jambo hilo.

Hesabu ya kikomo hicho ilichapishwa na Descartes mwaka 1637, na jina lake ndilo tunalolisikia shuleni. Ningependa watoto wetu wasikie pia jina la Kamal al-Din al-Farisi, mtaalamu wa Uajemi aliyefariki karibu mwaka 1319. Yeye alijaza maji katika tufe la kioo ili limtumikie kama tone moja lililokuzwa, akafuata ndani yake njia ya mwali ulioingia, akiendeleza kazi ambayo Ibn al-Haytham alikuwa ameianza karne tatu kabla yake. Katika miaka hiyohiyo mtawa wa Kidominiko wa Ujerumani, Theodoric wa Freiberg, alifikia jibu lilelile kwa njia ileile, bila wawili hao kujuana. Kwangu mimi hilo ni moja ya matukio mazuri kuliko yote katika historia ya elimu.

Sasa nije nyumbani. Kitovu cha upinde kiko chini ya upeo wa macho kwa kadiri ileile ambayo jua liko juu yake. Jua likipita kimo cha digrii 42, upinde wote unazama, na mtu aliyesimama mahali tambarare hawezi kuuona. Mjini Paris, katikati ya majira ya baridi, jua halifiki kimo hicho siku nzima, kwa hiyo huko upinde unaweza kutokea hata saa sita mchana. Goma iko chini ya digrii 2 kusini mwa ikweta, na hapa jua hupanda kasi, karibu digrii 15 kila saa katika miezi ya tatu na ya tisa. Matokeo yake ni kwamba mwaka mzima, kuanzia karibu saa tatu asubuhi hadi karibu saa tisa alasiri, hakuna upinde wa mvua katika anga letu, hata jua na mvua vikutane namna gani. Saa kumi alasiri kilele chake hufika kama digrii 12 tu juu ya upeo wa macho, na nyumba ya jirani inatosha kuuficha. Saa kumi na moja kinapanda hadi karibu digrii 27, na jua likikaribia kutua, kama vilima vya Masisi havijalifunika mapema, upinde huwa karibu nusu duara kamili.

Upande wake pia haukai mahali pamoja. Upinde wa jioni uko mashariki, lakini mwezi wa kumi na mbili, jua linapotua kusini zaidi ya magharibi, kitovu chake husogea kaskazini, na mguu wake wa kushoto hushuka ng’ambo ya Mikeno na Karisimbi. Katika miezi ya tatu na ya tisa husimama mashariki barabara, juu ya Rwanda. Mwezi wa sita ungekuwa umeinama kuelekea Gisenyi na ziwa, ila wakati huo ni kiangazi na mvua ni adimu. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa hapa na mwenye macho makini anaweza kukisia mwezi kwa kuangalia upinde umesimama juu ya mlima gani.

---

Mkaaji wa Kamalondo (Lubumbashi)

Mwalimu, nashukuru kwa maelezo haya. Kwa kuwa umetaja nyoka, naomba nilete upande wa Katanga, maana kwetu Waluba upinde wa mvua umo katika asili ya ufalme wenyewe.

Mfalme wa kwanza katika simulizi yetu anaitwa Nkongolo, na jina hilo ndilo jina la upinde wa mvua. Anaelezwa kuwa mtu mwekundu, mkatili, mlevi, asiye na adabu za kifalme. Kisha anakuja kutoka mashariki mwindaji Mbidi Kiluwe, mtulivu na mwenye staha, ambaye anazaa na dada wa Nkongolo mtoto aitwaye Kalala Ilunga. Nkongolo anataka kumwua mpwa wake kwa hila, kijana anaponea chupuchupu, anakimbilia kwa baba yake, anarudi na jeshi, na Nkongolo anashindwa na kukatwa kichwa. Kutoka kwa Kalala Ilunga ndipo unapoanza ufalme ambao wazee wanautambua kuwa halali.

Katika mawazo hayo upinde wa mvua ni nyoka, na kazi yake ni kuizuia mvua. Si baraka hata kidogo. Mwanaanthropolojia Luc de Heusch wa Ubelgiji aliisoma simulizi hii kama shindano kati ya ukame, ambao uko upande wa Nkongolo, na mvua yenye rutuba, ambayo iko upande wa Mbidi na mwanawe. Nimeona vema kusema hivyo kwa sababu vijana wengi wa Lubumbashi wanalijua jina la Nkongolo kama jina la mfalme tu, bila kujua kwamba ni lilelile linalotajwa wakati mvua inapokatika.

---

Mwanzisha uzi

Ndugu wa Kamalondo, umeufungua mlango niliokuwa nikiutafuta. Nyoka huyo si wa Waluba peke yao. Yumo Mayombe, karibu na bahari ya Atlantiki, kwa jina la Mbumba Luangu. Wafoni wa Benini wanaye Aido-Hwedo, na Wayoruba wanaye Oshumare. Na wenyeji wa asili wa Australia, walio mbali kabisa na sisi, wana Nyoka wa Upinde wa Mvua anayekaa katika madimbwi ya maji. Sidhani kwamba watu wote hao waliazimana hadithi. Nadhani waliangalia kitu kimoja kwa makini, na kila jamii ikakieleza kwa kiumbe inachokijua.

Hebu tuyapitie waliyoyaona. Walisema nyoka huyu huzuia mvua, na ni kweli kwamba upinde hutokea jua linapopenya, yaani mara nyingi wingu la mvua linapokwisha kukupita au linapokatika. Walisema anatoka majini, na kweli, kando ya ziwa au maporomoko, mguu wa upinde huonekana ukigusa maji, kwa kuwa matone yanayoutengeneza yanaweza kuwa mita chache tu mbele ya mtazamaji. Walisema hakuna amfikaye. Hilo nalo ni kweli kabisa, kwa sababu upinde ni mwelekeo wa nuru kuelekea macho yako, na ukisogea wewe, matone mengine ndiyo yanayochukua kazi hiyo. Watu wawili waliosimama bega kwa bega hawaoni upinde mmoja. Kila mmoja anaona wa matone yake. Kwa hiyo wazee waliona sawasawa. Sababu ndiyo waliyoiweka kwa nyoka, na sisi leo tunaiweka ndani ya tone.

China ya kale ilifika mbali zaidi, kwani ilikuwa na majina mawili: upinde mkali ulihesabiwa kuwa wa kiume na ule hafifu ulio juu yake kuwa wa kike. Huo hafifu hutokana na miale inayoakisiwa mara mbili ndani ya tone badala ya mara moja. Hukaa kati ya takribani digrii 50 na 53, na rangi zake zimegeuzwa, nyekundu ikiwa ndani. Kati ya pinde hizo mbili kuna ukanda wenye giza, ambao umepewa jina la Aleksanda wa Afrodisia, mwanafalsafa aliyeueleza karibu mwaka 200. Goma, baada ya mvua kubwa ya jioni, upinde wa pili si jambo la nadra, mradi mtu ajue kuutafuta shibiri nusu nje ya ule wa kwanza.

Kuna imani moja tu ambayo ningependa tuiache, nayo haikutoka kwa wazee wetu. Ni ile kanuni ya Ulaya isemayo kwamba upinde wa asubuhi unaleta mvua na upinde wa jioni unaleta anga safi. Huko ina maana, kwa sababu mawingu husafiri kutoka magharibi kwenda mashariki: upinde wa jioni ulio mashariki unaonyesha mvua iliyokwisha kupita. Katika bonde la Kongo mawingu makubwa ya dhoruba husafiri zaidi kutoka mashariki kwenda magharibi, kwa hiyo hapa upinde wa jioni mara nyingi unaonyesha mvua iliyo upande yanakotoka mawingu. Ziwa na volkano huvuruga njia hiyo, na mvua nyingine huzaliwa papo hapo juu ya milima, lakini mtu asiye na mwavuli asidanganywe na kanuni iliyotungwa kwa pepo za nchi nyingine.

---

Mama wa Kadutu (Bukavu)

Papa Mwalimu, nimewasoma wote wawili kwa furaha. Mimi bibi yangu alitukataza kuunyoshea upinde kidole, akisema kitapinda au kitaoza. Wanangu wananiuliza, nami sijui niwaambie ni uongo au niwaache waogope. Tena sisi ni watu wa kanisa, na katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 9, Mungu anauweka upinde winguni kuwa ishara ya agano lake na Nuhu na viumbe vyote, kwamba gharika haitaiangamiza tena dunia. Itakuwaje kitu kimoja kiwe agano na kiwe nyoka?

---

Mwanzisha uzi

Mama, asante kwa swali zuri. Katazo la kidole limeenea katika mabara karibu yote, kwa watu wasiowahi kukutana, na kidole kinachooza au kupinda kinatajwa mahali pengi kwa maneno yanayofanana na ya bibi yako. Mimi nalisoma kama heshima: kitu kikubwa hakinyoshewi kidole, kama vile mtoto wetu hamnyoshei kidole mzee. Waambie wanao kwamba kidole hakitapata kitu, na kwamba bibi alikuwa akiwafundisha staha mbele ya jambo kubwa. Yote mawili ni kweli, na mtoto ana uwezo wa kuyabeba pamoja.

Kuhusu agano, sioni ugomvi. Mwanzo inazungumza na watu walioogopa maji kupita kiasi, na kwao kukatika kwa mvua ni wokovu. Waluba wa savana ya Katanga wanaishi na kiangazi kirefu, na kwao kukatika kwa mvua ni hofu ya njaa. Upinde ni uleule, mvua inakatika vilevile, na kila taifa limeitika kwa haja yake. Wazulu wanauhusisha na binti mfalme wa mbinguni, na watu wa kale wa Skandinavia waliufanya daraja la miungu. Katika siku zetu vyama vya ushirika vya kimataifa viliuchukua kwenye bendera yao katika miaka ya 1920, Gilbert Baker akauchukua San Francisco mwaka 1978 kwa bendera ya watu wa mapenzi ya jinsia moja, na Mandela, akifuata usemi wa Askofu Desmond Tutu, aliitaja Afrika Kusini kuwa taifa la upinde wa mvua alipoapishwa tarehe 10 Mei 1994. Watu wanaotofautiana sana wamevutwa na jambo lilelile, rangi nyingi katika nuru moja.

Na kama wanao watauliza rangi ni ngapi, usiwalazimishe kusema saba. Newton mwanzoni alitaja tano, kisha akaongeza machungwa na nili ili zilingane na noti saba za muziki. Katika upinde wenyewe hakuna mstari unaotenga rangi moja na nyingine. Tena ukubwa wa matone hubadilisha kila kitu: matone ya milimita moja au mbili hutoa nyekundu kali, na matone madogo sana ya ukungu hutoa upinde mpana mweupe, usio na rangi kabisa. Anayeishi kando ya Kivu anaweza kuuona huo asubuhi, jua likimulika ukungu ulio juu ya maji.

---

Kijana wa Katindo (Goma)

Mkubwa wangu, naomba kupinga kidogo kwa heshima. Umesema kati ya saa tatu na saa tisa hakuna upinde. Mimi nimeuona saa sita mchana, duara kamili likiwa limelizunguka jua, na mtaa mzima ulitoka nje. Wengine walisema vita vinarudi, wengine wakasema ni volkano.

---

Mwanzisha uzi

Mdogo wangu, umefanya vema kuleta jambo hili, kwa sababu limewatia watu hofu mara nyingi bila sababu. Ulichokiona ni cha kweli, lakini ni kitu kingine. Upinde wa mvua huwa kinyume cha jua siku zote, haulizunguki. Duara linalolizunguka jua linatokana na chembe za barafu katika mawingu membamba ya juu sana, ambako kuna baridi kali hata hapa kwetu karibu na ikweta. Chembe hizo zina umbo la pembe sita, na hupinda nuru kwa takribani digrii 22, kwa hiyo duara hilo ni karibu nusu ya ukubwa wa upinde wa mvua, na nyekundu yake iko ndani, upande wa jua. Kwa kuwa jua letu la mchana hukaa karibu na utosi, sisi tunaliona duara hilo zima juu ya vichwa vyetu, ndiyo maana linashangaza. Halina habari ya vita wala ya Nyiragongo; linasema tu kwamba kuna wingu jembamba la barafu juu. Usilitazame jua lenyewe: lizibe kwa mkono au kwa ukingo wa paa ndipo uangalie duara.

Nikiongeza moja kwa wanaopiga picha kwa simu: upinde mzima wa jioni una upana wa digrii 84, na kamera ya kawaida ya simu haiwezi kuukumbatia wote, kwa hiyo tumieni ile ya kuona mapana. Na mwenye miwani ya jua inayochuja mng’ao wa maji aivue kwanza, kwa sababu nuru ya upinde ina mtetemo wa upande mmoja na miwani hiyo inaweza kuufuta nusu yake machoni pako.

---

Mama wa Kadutu (Bukavu)

Nimewasomea watoto, wameelewa, na mkubwa ameniuliza kama mwezi nao unaweza kutengeneza upinde. Naomba jibu, na kama lipo, kwetu Bukavu tuangalie wapi na saa ngapi.

---

Mwanzisha uzi

Mama, mwambie unaweza, na amefikiri vizuri. Kanuni ni ileile ya digrii 42, ila mwezi uwe mpevu au karibu na kuwa mpevu, kwa sababu nuru yake ni hafifu mno kuliko ya jua. Maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, kati ya Zambia na Zimbabwe, yanajulikana kwa upinde wa mwezi mpevu, kwa kuwa rasharasha za maji hapo huwa nyingi mto unapojaa. Kwenu Bukavu, usiku wa mwezi mpevu, mwezi huchomoza karibu saa kumi na mbili jioni upande wa Rwanda na kufika digrii 42 karibu saa tatu usiku. Kwa hiyo tafuteni kati ya saa moja na saa tatu usiku, mgongo ukiuelekea mto Ruzizi na uso ukielekea magharibi, kama mvua inanyesha huko na mashariki kumetakata. Nafasi ya pili ni kuanzia saa tisa usiku hadi karibu saa kumi na moja alfajiri, mwezi ukiwa umeshuka magharibi. Hapo mtageuka na kuangalia mashariki. Macho yenu yataona utepe mweupe, kwa kuwa jicho la binadamu linahitaji nuru zaidi ili kutambua rangi, lakini simu ikikazwa mahali pamoja na kuachwa ipokee nuru kwa sekunde kadhaa itaonyesha nyekundu nje na urujuani ndani.

Ye yote atakayeuona, wa jua au wa mwezi, Goma, Bukavu au Lubumbashi, naomba aandike hapa chini saa, upande, mlima au mtaa uliokuwa chini yake, na kama wa pili ulikuwepo.